Wamepima kifusi changu kwa droni, mita 168 za ujazo zimeyeyuka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Nimemwaga tripu 96 za kifusi kwa mkandarasi mmoja wa barabara huku Kidahwe, Kigoma, tipa za mita 10 za ujazo, kila tripu karani wao kasaini. Ni 960 hizo. Juzi wamenilipa mita 792 tu, eti "droni ndiyo imesema".

Droni haisemi kitu! Inapiga picha zinazopishana, programu inazioanisha na kujenga umbo la rundo. Ujazo unakuja baadaye, mtu akishachora mstari kuzunguka rundo na kuiambia programu kwamba chini ni hapa. Hapo ndipo nilipodhulumiwa. Rundo limezungukwa na majani ya masika yanayofika gotini, na kijana wao kachora mstari juu ya majani. Kamera haioni udongo uliofunikwa, inaona ncha za majani, kwa hiyo sakafu ya rundo imepanda. Rundo ni mita 40 kwa 35. Chukua hizo 168 gawa kwa mita za mraba 1,400: sakafu ikipanda sentimita 12 tu, zimeisha. Majani yenyewe ni ya gotini! Karibu tipa 17 zimemezwa, na dizeli, madereva na vibarua nimeshawalipa mimi.

Nilikuwepo wakirusha. Hawakuweka chini hata kibao kimoja cha alama. Mpima makini hutandaza vibao vya mraba mweusi na mweupe, pembeni na katikati, akavipima kwa GPS ya upimaji, na vingine akavitenga vya kukagulia kosa la vipimo. Bila hivyo umbo linaweza kubinuka kama sahani na picha bado ikapendeza. Ripoti yao haina mstari hata mmoja unaotaja kosa. Tena wameandika UTM (mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda) kanda ya 36, wakati Kidahwe ni magharibi ya longitudo ya nyuzi 30, kanda ya 35. Hilo halikumeza kifusi changu, ila linaonyesha walivyofanya kazi.

Nimeomba picha ghafi zichakatwe upya na mtu mwingine. Jibu: mali ya ofisi. Jumatatu greda linaingia, na kifusi kikishatandazwa hakipimiki tena.

Mpima yeyote wa Kigoma anayeweza kufika kabla ya Jumatatu, tufyeke majani apime udongo wenyewe, anitumie ujumbe. Gharama ni zangu.