Whitefield, mhubiri wa uamsho aliyemiliki watumwa: "zama zake" ni utetezi?

Wakuu, kipaji cha George Whitefield sina ugomvi nacho. Mwaka 1739 alikwenda kuwahubiria wachimba makaa wa Kingswood, karibu na Bristol, nje kwenye uwanja wazi. Machozi yakachora mifereji myeupe kwenye nyuso zao zilizojaa masizi. Kule Philadelphia, Benjamin Franklin alirudi nyuma taratibu barabarani hadi sauti ikapotea, akapiga hesabu kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia.

Kinachonikwama ni Georgia, koloni la Waingereza kule Amerika. Koloni hilo lilipiga marufuku utumwa mwaka 1735. Whitefield akaanzisha Bethesda, kituo cha yatima karibu na Savannah, gharama zikamlemea, akaanza kupigia debe marufuku iondolewe. Ikaondolewa 1751. Kabla ya hapo alikuwa keshapata shamba lenye watumwa South Carolina. Alipofariki 1770, wosia wake uliwarithisha watu pamoja na ardhi. Tumtetee vipi?

— Mkuu, unampima mtu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo. Mwaka 1740 yeye mwenyewe aliandika barua ya wazi kuwakemea mabwana wa Maryland, Virginia na Carolina kwa ukatili wao. Alipokufa, Phillis Wheatley, binti aliyekuwa mtumwa Boston, alimtungia shairi la maombolezo. Binti huyo hakuona ulichokiona wewe?

— Barua hiyo nimeisoma. Inalaani mateso, lakini kama ni halali Mkristo kununua watumwa, anasema hataamua. Hapo ndipo alipokwepa. Na mizani si ya leo: Januari 1739 Waskoti wa Darien, Georgia hiyohiyo, walitia saini ombi la kupinga utumwa. Ndiyo, walihofia pia usalama wao, ila waliandika wazi kwamba ni jambo la kutisha kwa ubinadamu.

— Mimi nalaumu Ukalvini wake, ile imani kwamba Mungu amechagua tangu awali nani ataokoka. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti aliyegombana naye juu ya imani hiyo, ndiye aliyeandika kupinga utumwa mwaka 1774.

— Hapana ndugu, hao wa Darien walikuwa Wapresbiteri, Wakalvini kama yeye. Tafuta sababu kwenye daftari la mahesabu. Mwaka 1751 Whitefield aliandika kwamba nchi za joto hazilimiki bila Weusi. Walutheri wa Ebenezer, jirani zake, walikuwa wameshaeleza mwaka 1739 kwamba wanalima kwenye joto hilohilo kwa mikono yao.