Mjomba kavunjwa mkono kwa makusudi, fidia tunaidaije?

Mwana Newala: Wakuu, naombeni msaada. Msimu wa korosho jirani alimvizia mjomba wangu mpakani mwa mashamba, akampiga rungu. Mkono umevunjika, hawezi tena kupuliza salfa wala kuokota korosho, na ana watoto wanaosoma. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, tulichukua, mshtakiwa kafungwa. Sasa watu wanasema kesi imekwisha. Imekwishaje wakati mjomba hajapata hata shilingi?

Wakili wa Masasi: Haijaisha, mdogo wangu. Kesi ya jinai ilikuwa ya Jamhuri, yaani serikali. Madai ni ya mjomba mwenyewe. Kwanza someni hukumu: hakimu aliamuru fidia? Kama hakuamuru, fungueni shauri la madai ndani ya miaka 3 tangu tukio. Muda wa rufaa ukipita, hukumu ile ni uthibitisho kamili wa kosa. Kinachobaki ni kuthibitisha hasara: matibabu, kipato kilichopotea, maumivu.

Mama Mtama: Tunzeni risiti zote, na stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) za misimu ya nyuma. Hizo ndizo zinaonyesha alikuwa anavuna kiasi gani. Gharama za wakili zikiwashinda, tafuteni wasaidizi wa kisheria, hawatozi.

Mwana Newala: Stakabadhi zipo. Jumatatu tunafuata nakala ya hukumu.