Mahindi yamekuwa manjano baada ya samadi, nifanyeje?

Mkulima_Kabare: Jambo kwenu. Niko Bukavu, shamba liko Kabare. Nina ng'ombe wanne. Nilitia samadi iliyoiva, sasa majani ya chini ya mahindi yanageuka manjano kuanzia nchani, yanaingia katikati kama herufi V. Samadi inaweza kuharibu mahindi?

Mama_Bagira: Ng'ombe wanne bado unalia? Mwanangu, shukuru kwanza.

Fundi_Kadutu: Mimi volkano ya 2002 ilinitoa Goma, nikaja hapa nikapanda maharage juu ya samadi mbichi. Majani yalijaa, maganda hakuna. Sijui kama inahusu, nimekumbuka tu.

Agronomu_Walungu: Ng'ombe wanalalia nini?

Mkulima_Kabare: Zizi la kawaida, papa.

Agronomu_Walungu: Sijauliza zizi. Chini ya kwato kuna nini?

Mkulima_Kabare: Vumbi la mbao. Ni la bure, nalipa gari tu. Linanyonya mkojo, ng'ombe safi. Na nimeshalipia gari la pili.

Agronomu_Walungu: Basi ndilo hilo. Samadi tupu ina kaboni kama 20 kwa nitrojeni 1. Vumbi la mbao ni 200 na zaidi, hata 500. Vijidudu vinavyoliozesha vikikosa nitrojeni humo, vinaichota udongoni kabla ya mahindi, na mahindi yakikosa nitrojeni ndiyo majani ya chini hugeuka manjano hivyo. Mabua ya ngano au mpunga ni 60 hadi 100 hivi, tena yanaoza upesi. Rundo lilikaa muda gani?

Mkulima_Kabare: Wiki tano. Lakini lilikuwa jeusi, halinuki kabisa!

Agronomu_Walungu: Halinuki kwa sababu vumbi limeshika amonia, ile hewa ya mkojo yenye nitrojeni na harufu kali. Nitrojeni haikuruka hewani, imefungwa. Rundo la namna hiyo liache miezi sita au zaidi, uligeuze, ufunike kwa majani ya migomba mvua isilioshe. Mahindi ya sasa yape mkojo wa ng'ombe, kopo 1 kwa makopo 10 ya maji, shinani, jioni.

Papa_Nguba: Ngojeni kwanza. Huyu mwezi uliopita aliuliza bei ya pikipiki Lubumbashi, eti anaishi huko. Leo ana ng'ombe Kabare?

Fundi_Kadutu: Ndiyo maana hakuna picha!

Mkulima_Kabare: Ng'ombe ni wa shemeji. Amesafiri, mimi nawaangalia. Yeye alikuwa anatandika majani ya migomba, nikabadilisha bila kumwambia. Anarudi Jumapili.

Mama_Bagira: Aaa!

Agronomu_Walungu: Mwambie seremala asilete hilo gari la pili.

Mkulima_Kabare: Limeshamwaga mlangoni, papa.