Programu inasema jengo limefika asilimia 90, saiti lifti bado iko kwenye makasha. Huu uongo wa asilimia tuukatae

Wakuu, leo naandika kwa hasira na sitapamba maneno. Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Kazi yangu iko saiti, kwenye vumbi na zege, siyo ofisini.

Kwenye kikao cha maendeleo juzi skrini ilikuwa kijani tupu, jengo zima asilimia 90. Ukipanda huko juu, ghorofa mbili hazijapigwa plasta, lifti iko kwenye makasha yake, na mabomba ya zimamoto hayajajaribiwa kwa presha hata mara moja. Mwenye mradi akauliza, tena kwa haki kabisa, kazi iliyobaki ni asilimia 10, miezi mitano ya nini? Macho yote yakanigeukia mimi. Nikaambiwa mafundi wangu ni wazembe. Aliyepika ile asilimia alikaa kimya, hakuinua hata kichwa.

Sasa nieleze hiyo 90 inatoka wapi, maana wenye fedha wengi hawajawahi kuelezwa. Kwenye Primavera P6, programu ya kupangia ratiba za miradi, usipobadilisha mipangilio, asilimia unayoletewa ni ya muda. Inachukua siku zilizopangwa, inatoa siku zilizobaki, inagawanya kwa zilizopangwa. Kazi ya siku 20 ikiandikwa zimebaki 5, unasomewa asilimia 75, na hakuna tofali hata moja lililohesabiwa. Microsoft Project, programu nyingine ya ratiba, nayo ni hivyohivyo, ile safu yake ya kawaida ya asilimia ni ya muda. Programu zote mbili zina sehemu ya kujaza asilimia ya kazi halisi iliyopimwa, lakini mpaka mtu aichague, kisha mtu mwingine ashike futi akapime. Hapo ndipo watu wanapokimbia.

Na kuna baya zaidi. Programu zote mbili zina amri ya kuzisogeza kazi zote mpaka tarehe ya ripoti kama vile kila kitu kimekwenda kwa ratiba. Mpanga ratiba anadaiwa ripoti, kutoka saiti hajaletewa vipimo, anabonyeza, imekwisha. Nimeona nguzo ambazo zilikuwa bado nondo tupu zimesimama juani, kwenye ripoti zimeshamwagwa zege na mbao zimetolewa. Ripoti hiyo ikasainiwa na watu watatu wenye vyeo kuliko mimi. Hakuna aliyetoka nje ya kontena la ofisi kwenda kuangalia.

Jinsi asilimia hizo zinavyojumlishwa ndiko kunaniumiza kichwa kabisa. Microsoft Project ikijumlisha kazi ndogo kupata asilimia ya kazi kubwa, inatumia siku. Chukueni slabu moja: kufunga mbao na kusuka nondo siku 10, mafundi 30 wanatoka jasho. Kumwaga zege siku 1, na hiyo ndiyo siku yenye hatari yote. Kumwagilia maji siku 7, mtu mmoja na mpira wa maji. Jumla siku 18. Kwa hesabu ya programu, yule wa mpira wa maji ana karibu asilimia 39 ya slabu nzima, na kumwaga zege hakufiki hata asilimia 6. Mhandisi mwenye akili timamu anaweza kulipa kwa hesabu hiyo? Lakini maamuzi ya mamilioni yanafanyika juu yake kila mwezi.

Wengine watakuja hapa kusema dawa ni kupima kwa gharama. Haya, nayo nimeiona. Jenereta ikishushwa saiti na kulipiwa, asilimia inaruka siku hiyohiyo, wakati hata jamvi la zege la kuikalisha halijamwagwa. Mkandarasi mjanja anapandisha bei za kazi za mwanzo kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), msingi unaonekana nusu ya jengo, halafu kazi za umaliziaji zinakosa fedha. Kipimo kikifuata pesa, kitakwenda popote pesa ilipopelekwa mapema.

Na kile kipimo cha thamani iliyozalishwa (earned value), kinachopima kazi iliyofanyika kwa thamani yake kwenye bajeti, ambacho washauri wanakipenda sana? Kina heshima yake, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kudai vigezo vyake kwa wakandarasi wake tangu 1967. Lakini kielezo chake cha ratiba ni thamani ya kazi iliyofanyika kugawanya kwa thamani ya kazi iliyopangwa kufikia siku hiyo. Mradi ukiisha, kazi yote iliyopangwa imefanyika, kwa hiyo jibu ni 1. Mradi wa miezi 12 uliomalizika mwezi wa 18 unaondoka na 1 safi, kama haukuchelewa hata siku. Walt Lipke, mtaalamu wa usimamizi wa miradi, alilionyesha tatizo hili mwaka 2003 na akatoa njia ya kuhesabu kwa muda: mradi huohuo unapata 12 kwa 18, yaani 0.67. Toka 2003! Na bado ripoti ninazoletewa zina kile kielezo cha zamani, kinapanda taratibu kuelekea 1 jinsi mradi unavyozeeka, watu wanapongezana kwamba tunafidia muda uliopotea.

Droni na kamera za kuzunguka sizikatai. Zinaona kwamba ukuta upo. Haziwezi kukuambia bomba lililo ndani ya ukuta huo limejaribiwa, wala kwamba tofali za majaribio za zege zimevunjwa maabara siku ya 28 na kufaulu. Ukuta utakaobomolewa wiki ijayo kwa sababu bomba linavuja, kwenye picha ya droni umekamilika.

Kinachonikera ni kwamba njia ya haki ipo na programu hizihizi zinaiweza. Kabla ya kuanza, mnakubaliana kila hatua ina uzito gani. Nguzo, kwa mfano: nondo zikikaguliwa 30, mbao zikifungwa na kunyooshwa 20, zege likimwagwa 40, mbao zikitolewa na kasoro kurekebishwa 10. Hatua haijakaguliwa, haina alama, hakuna "karibu tunamaliza". Kazi fupi ya siku mbili tatu, ama imeisha ama ni sifuri. P6 ina sehemu ya hatua zenye uzito ndani ya kila kazi, ipo miaka yote, na miradi yote niliyopitia sehemu hiyo ilikuwa tupu.

Halafu kila wiki mniulize mimi siku zilizobaki, msiniulize asilimia. Nikisema plasta ya ghorofa ya juu imebaki siku 25 kwa idadi hii ya mafundi, hilo naweza kulisimamia na mnaweza kunibana nalo. Siku zilizobaki ndizo zinazosogeza tarehe ya mwisho kwenye mlolongo wa kazi zisizo na nafasi ya kuchelewa. Asilimia ya jumla haisogezi chochote. Jengo linaweza kuwa na 90 halali kabisa, lakini kama paneli kuu ya umeme haijaagizwa, hamhamii.

Wapanga ratiba mliomo humu, sitaki kusikia kwamba "mfumo ndivyo unavyotoa". Nani kati yenu anashuka saiti na fundi mkuu kabla ya kujaza? Na wakadiriaji majenzi, kama kuna mkataba mliowahi kuandika malipo yafuate hatua zilizokaguliwa tu, wekeni hapa kifungu chenyewe kilivyoandikwa, ondoeni majina. Kikao kijacho nataka niingie nacho mkononi.