Devotion haionekani Steam, tatizo ni akaunti yangu?

Kibatari:
Wakuu salama? Tangu juzi natafuta Devotion, ile gemu ya kutisha kutoka Taiwan. Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, siioni. Nilidhani ni akaunti yangu ya Tanzania, nikamwomba binamu aliye Ujerumani atafute, naye kaambulia patupu. Wameifungia kwa sababu ya damu? Mbona Resident Evil 7 ipo, na mle familia nzima inakukalisha mezani mbele ya sahani za matumbo ya sijui nani?

ChumbaNambaTatu:
Akaunti yako haina kosa, mkuu. Damu wala haihusiki. Kilichoiponza ni karatasi moja ukutani.

Ilitoka Februari 19, 2019. Ni kisa cha familia moja kwenye fleti ya Taipei, miaka ya 80: baba mwandishi wa filamu aliyeishiwa, mama aliyewahi kuwa mwimbaji, na binti anayeumwa lakini anashindana kuimba kwenye televisheni. Baba anaingia kwenye mambo ya imani za siri, kwa hiyo kuta zina hirizi za karatasi, kama zile tunazobandika juu ya mlango huku Pwani. Siku mbili tatu tu, wachezaji wakasoma muhuri mwekundu kwenye hirizi mojawapo. Kwa herufi za kale za Kichina umeandikwa jina la Xi Jinping, kiongozi wa China, likafuatiwa na Winnie the Pooh, yule dubu wa katuni ambaye wanaomkejeli Xi humfananisha naye.

Balaa likaanzia hapo. Red Candle, waliotengeneza, wakaomba radhi na kubadilisha picha. Wapi! Wachezaji wa China wakaimiminia maoni mabaya, wasambazaji wakajitoa, na kabla Februari haijaisha Red Candle wenyewe wakaiondoa Steam dunia nzima. Desemba 2020 GOG, duka jingine la gemu mtandaoni, wakatangaza wataiuza. Saa chache baadaye wakaghairi, eti wachezaji wengi wamewaandikia. Mimi niliiwahi wiki ile ya kwanza, bado ninayo. Wewe nenda tovuti ya Red Candle, wanaiuza wenyewe tangu Machi 2021.

MzeeWaPedi:
Habari za damu tuulize sisi tuliosoma Melbourne. Mwaka 2009 Australia haikuwa na daraja la gemu lililo juu ya MA15+, yaani la umri wa miaka 15. Ikizidi hapo, haiuzwi. Left 4 Dead 2, gemu ya kuua mazombi, ikakataliwa, tukaletewa iliyokatwakatwa. Unampiga zombi shotgani, anatoweka kabla hajagusa sakafu! Ukigeuka nyuma, korido safi kama imepigwa deki. Hata kujisifu umeua wangapi huwezi. R18+, daraja la watu wazima, ilikuja Januari 2013, na 2014 wakaruhusu toleo zima.

Kibatari:
Nimeipata, nimeishusha na bando la usiku. Nimepoteza nusu saa nakagua hirizi moja moja, pua imegusa skrini, na Kichina sijui hata herufi moja. Mke wangu kaniuliza natafuta nini ukutani kwa watu.