Kambi ya kando ya ziwa inafungwa, jiji linataka kuichukua: tuanzie wapi?

Mjumbe_Mipango
Habari wakuu. Kambi ya vijana ufukweni mwa ziwa inafungwa baada ya miezi minane, na mmiliki amelipatia jiji nafasi ya kwanza ya kununua. Ni hekta 18: mabweni 9, jiko kubwa, gati la mbao, visima viwili, uwanja wa zamani wa kulenga shabaha. Wengine wanataka bustani ya umma, wengine nyumba za wageni. Nini kifanyike kabla ya kuita wananchi?

Mpimaji
Mkuu, anza na hati, michoro baadaye. Ardhi za kambi mara nyingi zilitolewa na mfadhili kwa masharti. Mwanasheria atafute kama kuna kifungu kinachorudisha ardhi kwa warithi wake ikiacha kutumiwa na vijana. Kikiwepo, nyumba za wageni zinaweza kufia hapo hapo. Mipaka ipimwe upya, maana ukingo wa ziwa huhama. Halafu njia: ikiwa inapita shamba la jirani kwa makubaliano ya mdomo, aliyevumilia mabasi mawili kwa mwezi hatavumilia magari 200 kila Jumapili.

Udongo_na_Maji
Ukaguzi wa mazingira una hatua mbili. Ya kwanza haichimbi chochote: kumbukumbu, picha za zamani za angani, kutembea eneo lote, kuongea na mlinzi. Mlinzi ndiye anayejua tangi la dizeli lilifukiwa wapi. Ya pili ni sampuli, tena pale penye shaka tu.

Kwenu ningeanza na tuta lililo nyuma ya shabaha. Risasi za bunduki ni madini ya risasi, neno lenyewe linakuambia kilichomo udongoni. Kisha udongo wa chini ya kuta zenye rangi ya zamani, ambayo huenda ina madini hayo hayo. Mbao za gati zikiwa zilitiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, zisichomwe kamwe: aseniki hubaki kwenye majivu. Paa au vigae vya sakafu vinavyoshukiwa kuwa na asbestosi visivunjwe kabla ya maabara kujibu. Yote haya kabla ya kusaini, ili gharama ya kusafisha ikatwe kwenye bei.

Fundi_Majitaka
Msidanganywe na ukubwa wa tangi la majitaka. Tangi hutenganisha tope tu. Kusafisha ni kazi ya udongo. Mfumo uliotumika wiki kumi kwa mwaka ulikuwa unapumzika, na ukiufanyisha kazi mwaka mzima utaziba. Chimbeni mashimo hadi kina cha mitaro ya kunyonya, yaani ile inayopeleka majitaka udongoni, yajazeni maji yalale usiku, kesho yake mpime yanashuka kiasi gani kila dakika 30. Kina cha maji ya ardhini kipimwe msimu wa mvua, yakiwa juu. Mchanga wa ufukweni hunyonya haraka mno, watu hufurahi, kumbe majitaka yanafika ziwani kabla hayajasafika na mwani unanawiri.

Kisima msichokihitaji kizibwe kwa saruji kuanzia chini kwenda juu. Kukitupia vifusi ni kuupa uchafu njia ya mkato.

Mjumbe_Mipango
Asanteni. Na majengo? Mipango itachukua kama miaka miwili.

Mkaguzi_Majengo
Miaka miwili ya utupu huua jengo kuliko ishirini ya matumizi. Fungeni maji na mwage yaliyo kwenye mabomba, lakini matundu ya sakafuni myamwagie maji kila mwezi. Mpindo wa bomba ulio chini yake, unaoshika maji, ukikauka, hewa ya majitaka inapanda ndani. Mkiziba madirisha kwa mbao, acheni matundu ya hewa, la sivyo ukungu utakula dari. Paa likaguliwe kila baada ya mvua kubwa. Someni mkataba wa bima: nyingi hupunguza ulinzi jengo likikaa tupu siku 30 au 60.

Mkibadilisha matumizi, kanuni za sasa kwa kawaida zinaanza kuwabana. Sakafu iliyoinuka sentimita 60, kwa mteremko wa 1 kwa 12, inataka njia ya kiti cha magurudumu ya mita 7.2. Mkipata mabweni mawili yanayofaa kati ya tisa, shukuruni.

Mjumbe_Mipango
Basi mkutano tuusogeze mpaka ukaguzi uishe?

Mpimaji
Usogeze hadi hatua ya kwanza iishe, si zaidi. Waiteni kambini kwenyewe, watembee. Na kila wazo mbele yao liandikwe na gharama ya kuliendesha kwa mwaka, si ya kujenga tu.