Chakula cha moto cha Jumamosi kwa wanaolala nje, Uingereza

Kutoka: Katibu, idara ya akina mama

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Idara imekubaliana kupeleka wali maharage kila Jumamosi kwa watu 50 wanaolala nje karibu na stesheni. Tunaomba vipimo, na tujue kama halmashauri itatudai kibali.

Kutoka: Kaka wa jikoni

Amina, dada Katibu. Huduma ya kila wiki husajiliwa halmashauri kama biashara ya chakula, hata kama hamuuzi. Ni bure, siku 28 kabla ya kuanza, na hakuna anayekataliwa.

Mchele ni gramu 90 kwa mtu, yaani kilo 4.5. Maharage makavu gramu 60, kilo 3. Yalowekeni usiku kucha, mwageni maji yale, tieni mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili ndipo mpunguze moto. Msiyatie moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole. Maharage mekundu yana lektini, sumu inayotapisha, na joto dogo haliiondoi. Laweza hata kuizidisha. Ya kopo yameshaiva, yapasheni tu.

Wali msiupike Ijumaa. Kuna bakteria wa mchele wanaojifunika ganda linalohimili mchemko. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka, wanatoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Pikeni asubuhi ileile, uingie kwenye hotipoti ukiwa unafuka mvuke. Hotipoti yenyewe ijazeni kwanza maji yanayochemka, dakika 10, kisha mwageni. Ikiwa baridi itanyonya joto la chakula. Pimeni katikati ya chakula, si ukingoni: 63°C au zaidi. Kikishuka hapo mna saa 2, mara moja tu, kisha kilichobaki kitupwe. Kutupa chakula kunauma, lakini mtu anayelala nje akiharisha usiku hana choo wala pa kufulia nguo.

Kutoka: Shemasi

Naongezea kuhusu mzio. Sheria inataja vyakula 14. Wali maharage unaonekana salama, ila someni pakiti ya kyubu za supu: nyingi zina seleri, nyingine ngano. Karanga na ufuta vimo kwenye orodha, nazi haimo. Andikeni kila kilichotiwa kwenye chungu, kadi ikae mezani.

Maharage yaive hadi yapondeke kwa vidole viwili, maana wengi walioishi nje muda mrefu meno yameharibika. Wapeni vijiko, uma uacheni.

Katika Matendo 6 manung'uniko yalitokana na wajane waliosahauliwa katika mgawo, ndipo wakachaguliwa watu saba wa kuusimamia. Nasi tuwe na mmoja asiyepakua kabisa: kazi yake ahesabu sahani na kuwapelekea wasioweza kusimama foleni. Anayetaka kuombewa aombewe akishakula. Tusimsimamishe mtu kwenye baridi akisubiri sala iishe, wala tusiwapige picha.

Kutoka: Katibu

Asante sana Shemasi. Kipimajoto tununue cha aina gani?

Kutoka: Kaka wa jikoni

Cha sindano, cha chakula. Kijaribuni kabla: kwenye maji ya barafu kisome 0, kwenye yanayochemka 100. Kikipishana zaidi ya nyuzi 1, kirudisheni dukani. Sindano ifutwe kwa kitambaa cha dawa kila inapotoka chungu kimoja kwenda kingine.